Usingizi, Kuwa Macho na Kupoteza Fahamu: Mgawanyo wa Istilahi

Miongoni mwa fani zinazowatatiza wafasiri wetu ni ile ihusuyo kazi za ubongo. Si kwamba Kiswahili ni maskini katika fani hiyo. Tatizo ni kwamba maneno tuliyo nayo hayajagawiwa kazi zake. Mfano ulio wazi ni neno *usingizi*. Mtu aliyelala kitandani mwake usiku husemwa kwamba amepatwa na usingizi. Mgonjwa aliyedungwa dawa ili apasuliwe husemwa kwamba ametiwa usingizi. Na majeruhi aliyelazwa siku kumi bila kujua lililo kando yake, jamaa zake huambiwa kwamba yumo katika usingizi mzito. Neno ni moja, hali ni tatu, na kila hali ina sababu yake, hatari yake na matibabu yake.

Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halina dhara, kwa kuwa wasemaji hufahamiana kwa mazingira yao. Lakini katika fomu ya hospitali, katika kitabu cha biolojia, katika kanuni za madereva au katika karatasi ya kutahadharisha watu juu ya maradhi, mazingira hayo hayapo. Lipo neno peke yake. Nia ya makala haya ni kueleza kwa muhtasari yale ambayo sayansi imeyagundua juu ya kulala na kuwa macho, kisha kupendekeza jinsi ya kuyagawa maneno yetu ili kila moja libebe mzigo wake. Tutaona kwamba mara nyingi neno linalotafutwa tayari tunalo.

1. Hazina tuliyo nayo

Kabla ya kukopa, yafaa kuhesabu kilichomo ghalani. Mtu huanza kwa kushikwa na *lepe* au *gonezi*, kope zikawa nzito. Kisha *husinzia*, kichwa kikaanguka na kuinuka. Akiwa baina ya kulala na kutolala husemwa kwamba yumo katika *mang'amung'amu*. Usingizi ukimpitia, hulala *fofofo*. Na ukimzidi, hulala *usingizi wa pono*. Katika kulala huko huenda *akakoroma*, *akaota ndoto*, *akaweweseka* kwa kusema maneno yasiyo na mpango, au *akakabwa na jinamizi*. Baadaye *hugutuka* kwa kishindo, au *huamka* kwa taratibu. Asiyetaka kulala usiku kucha *hukesha*. Anayetaka lakini hawezi *hukosa usingizi*.

Maneno haya hayakutungwa ovyo. Pono ni samaki wa matumbawe anayejulikana sana na wavuvi wa pwani yetu. Baadhi ya samaki wa jamii yake, giza liingiapo, hujitengenezea gamba laini la ute na kulala ndani yake mpaka asubuhi. Waliousema usingizi mzito kwa jina la samaki huyu walikuwa wametazama kwa makini.

Hata hivyo, lipo jambo moja katika misemo yetu ambalo mfasiri hana budi kuliangalia. Husemwa kwamba mtu ameshikwa na usingizi, amepitiwa, amelemewa, amechukuliwa nao. Usingizi ndio mtendaji, na mtu ni mtendewa. Ni kana kwamba usingizi ni mgeni atokaye nje, naye mwenye nyumba humpokea kwa kuzima taa na kuacha kazi. Wataalamu wengi nao waliamini vivyo hivyo hadi katikati ya karne ya 20, ila wao walitumia maneno mengine: kwamba ubongo hulala kwa sababu tu umekosa cha kuuamsha. Imani hiyo imeonekana kuwa na upungufu mkubwa.

2. Ubongo unaolala haukuzimwa

Dalili ya kwanza ilitokana na msiba. Mnamo mwaka 1917, katika mji wa Vienna, tabibu Constantin von Economo alieleza ugonjwa mpya wa kuvimba ubongo, ambao katika miaka iliyofuata ulienea katika nchi nyingi. Wagonjwa wengi walilala majuma kwa majuma. Wachache wao walipata kinyume chake: hawakuweza kulala hata kidogo. Von Economo alizipima bongo za waliofariki, akaona kwamba waliolala kupita kiasi walikuwa na jeraha katika sehemu ya nyuma ya *haipothalamasi*, yaani ile sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, panapokutana na shina la ubongo. Wale waliokosa usingizi walikuwa na jeraha katika sehemu ya mbele ya haipothalamasi hiyo hiyo. Akakata shauri kwamba ubongo una mahali panapomweka mtu macho, na tena una mahali pengine panapomlaza. Kulala, kwa maoni yake, ni kazi yenye mtendaji wake.

Kisha kikapatikana chombo cha kupimia. Mwaka 1924 Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alifaulu kunasa mikondo dhaifu ya umeme itokayo katika ubongo wa binadamu kwa kubandika elektrodi kichwani; matokeo aliyatangaza mwaka 1929. Katika *mchoro wa umeme wa ubongo*, mtu aliye macho huku amefumba macho na kutulia huonyesha mawimbi yapatayo kumi kwa sekunde. Akizama katika usingizi wa pono, mawimbi huwa makubwa na ya polepole, pungufu ya manne kwa sekunde. Tangu hapo hali ya kulala haikuhukumiwa tena kwa kutazama kope peke yake.

Mwaka 1935 Frédéric Bremer wa Brussels alimkata paka ubongo katika sehemu ya juu ya shina, akaona ubongo wa mbele ukitoa mawimbi ya usingizi tu. Alifikiri sababu yake ni kwamba habari za milango ya fahamu zilikuwa zimekatizwa njia. Hii ndiyo ile imani ya taa kuzimwa. Lakini mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walichochea kwa umeme *wavu wa neva* uliomo ndani ya shina la ubongo, na mawimbi ya usingizi yakageuka papo hapo kuwa mawimbi ya kuwa macho. Ikawa dhahiri kwamba kuwa macho hakutokani tu na kelele na mwanga wa nje. Upo mtambo wa ndani unaokuendesha.

Na mtambo wa kulaza? Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha kundi dogo la seli za neva katika sehemu ya mbele ya haipothalamasi ambazo hufanya kazi zaidi wakati wa kulala, nazo huzinyamazisha seli za kuamsha. Seli za kuamsha nazo huzinyamazisha hizo. Kwa kuwa kila upande humzuia mwenziwe, hali ya katikati haidumu. Mtu huwa ama macho ama amelala, kama swichi ya taa, na mpito baina ya hali hizo ni mfupi. Utabiri wa von Economo ulikuwa umethibitika baada ya takriban miaka themanini.

Hapa ndipo mfasiri hukutana na mtego wa majina. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua, kila moja kwa njia yake, kemikali itokayo katika haipothalamasi inayosaidia kuiimarisha swichi hiyo upande wa kuwa macho. Kundi moja liliiita *haipokretini*, kwa kuzingatia mahali itokapo. Kundi la pili likaiita *oreksini*, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya hamu ya kula, kwa kuwa awali ilidhaniwa kuhusika zaidi na chakula. Kemikali ni moja. Majina yote mawili yangali yakitumika, na mwanafunzi asiyejua huenda akadhani ni vitu viwili. Twapendekeza Kiswahili kishike *oreksini*, kwa kuwa ni rahisi kutamka, na kila kamusi iweke *haipokretini* kuwa kidahizo cha kuelekeza tu. Wenzetu wamegawanyika, hakuna sababu ya sisi kurithi mgawanyiko wao.

Seli zinazotengeneza oreksini ni makumi ya maelfu tu miongoni mwa seli za neva zipatazo bilioni 86 za ubongo wa binadamu. Zikifa, mtu hupata ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, akiwa kazini au mezani, na pengine huregea misuli yote akicheka. Kumwita mtu huyu mvivu ni kukosa habari. Kumwita mwenye malale ni kukosa istilahi. Twapendekeza ugonjwa huu uitwe *usinziaji wa ghafla*.

3. Usingizi ni wa namna mbili

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna nyakati katika usingizi ambapo mboni za macho huenda mbio chini ya kope zilizofumbwa. Katika nyakati hizo mawimbi ya ubongo hufanana na ya mtu aliye macho, na akiamshwa mara nyingi husimulia ndoto. Mwaka 1959 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha kwa paka kwamba wakati huo huo misuli ya mwili huregea kabisa. Ubongo una shughuli nyingi, mwili umefungwa. Kwa ajili hiyo Wafaransa waliuita kwa jina lenye maana ya usingizi wa kinaya. Wamarekani waliuita kwa ile mbio ya macho, jina ambalo hufupishwa kwa herufi REM.

Sisi tuuiteje? Yamekwisha sikika majina kadhaa. *Usingizi wa ndoto* ni jina tamu, lakini si sahihi: watu walioamshwa kutoka usingizi wa namna ya pili nao husimulia ndoto, ingawa si mara nyingi hivyo. *Usingizi mwepesi* halifai, kwa maana aliyemo humo si rahisi kumwamsha kuliko aliye katika mang'amung'amu. *Usingizi wa kupepesa macho* nalo lina kasoro, kwani kupepesa ni kazi ya kope, na hapa kope zimetulia. Kinachokwenda ni mboni. Twapendekeza *usingizi wa mboni mbio*. Usingizi wa namna ya pili, ambao wenzetu wameuita kwa kukanusha tu, yaani usio wa mbio za macho, twaona uitwe *usingizi mtulivu*. Jina la kukanusha halimfundishi mwanafunzi kitu.

Usingizi mtulivu una hatua, na hapa hazina yetu yatosha. Tangu mwaka 1968 vitabu vilihesabu hatua nne. Tangu mwaka 2007 wataalamu wameziunganisha mbili za mwisho, zikawa tatu. Mfasiri wa kitabu cha zamani akikuta hatua ya nne na aijumlishe na ya tatu, au aeleze katika tanbihi. Hatua ya kwanza, fupi na ya mpito, ni *mang'amung'amu*. Ya pili, inayochukua sehemu kubwa ya usiku, ni *usingizi mwepesi*. Ya tatu, yenye mawimbi makubwa ya polepole, ni *usingizi wa pono*. Hatua hii huwa nyingi katika sehemu ya kwanza ya usiku, na ndipo homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi katika damu. Duru moja ya usingizi mtulivu na wa mboni mbio huchukua kiasi cha dakika 90, na kwa usiku mmoja mtu mzima hupita duru nne hadi sita. Usingizi wa mboni mbio ni kama robo ya usiku wake. Kwa mtoto mchanga ni kama nusu ya kulala kwake kote.

Kuregea kwa misuli katika usingizi wa mboni mbio kunatusaidia kuelewa neno *jinamizi*. Wakati mwingine mtu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Anajua yuko wapi, anaona chumba, lakini hawezi kuinua mkono wala kupiga kelele, na huhisi kama amekaliwa kifuani. Hali hii si ndoto ya kutisha, bali ni kuamka kusikokamilika. Wahenga wetu waliitambua wakaipa jina. Wameacha kwetu kazi ya kulinda mpaka wake. Twashauri *jinamizi* litumike kwa hali hii tu, na ndoto mbaya iitwe *ndoto ya kutisha*. Mwalimu aweza kuwaeleza wanafunzi chanzo chake bila ya kulitupa neno lenyewe, na mtoto aliyekuwa akiogopa kulala atapata nafuu.

4. Mlemeo na saa

Kwa nini mtu hulala anapolala? Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zürich alieleza kwamba nguvu mbili hufanya kazi pamoja, na maelezo yake yangali msingi wa fani hii. Nguvu ya kwanza huongezeka kadiri mtu akaavyo macho na hupungua kadiri alalavyo. Mojawapo ya kemikali zinazoibeba ni *adenosini*, ambayo hulimbikizana ubongoni wakati wa kuwa macho. Kafeini iliyomo katika chai na kahawa hukalia mahali ambapo adenosini ingekaa, haiiondoi. Ndiyo maana dereva aliyekunywa kahawa hajapumzika, amefichwa uchovu wake tu. Nguvu hii twapendekeza iitwe *mlemeo wa usingizi*, kwa kuwa twasema tayari kwamba mtu amelemewa.

Nguvu ya pili ni saa iliyomo mwilini. Mwaka 1938 Kleitman na mwenzake walikaa siku 32 katika pango la Mammoth, jimbo la Kentucky, pasipo mwanga wa jua, wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28. Mwenzake, aliyekuwa kijana, aliweza kuizoea. Mwili wa Kleitman ulishikilia mzunguko wa saa 24. Mwaka 1972 watafiti waligundua makao ya saa hiyo: vifundo viwili vidogo ndani ya haipothalamasi, juu ya mahali zinapopishana neva za macho, vyenye jumla ya seli zipatazo 20,000. Bila mwanga wa kuisahihisha, saa ya binadamu huchelewa kidogo kila siku. Mwanga wa asubuhi hurudisha majira. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya namna hiyo ndani ya seli za nzi wa matunda.

Wanasayansi wameuita mzunguko huu kwa neno la Kilatini lenye maana ya "karibu siku nzima". Kiswahili kina *kutwa* na kina *kucha*: jua kuzama na jua kuchomoza. Twapendekeza *mzunguko wa kutwa-kucha*, na chombo chake kiitwe *saa ya mwili*. Istilahi hii ina manufaa kwa mtumishi wa serikali anayeandika kanuni za kazi za zamu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akilala saa nane za mchana, mlemeo wake umepungua, lakini saa ya mwili bado yasema ni mchana. Usingizi wake mara nyingi huwa mfupi na wa kukatika. Kanuni inayohesabu saa za kupumzika bila kutaja ni za wakati gani imehesabu nusu tu ya jambo.

5. Hali zinazofanana na usingizi

Sasa tumefika mahali ambapo neno likikosewa mtu aweza kudhurika. Kiswahili hutupa kipimo chepesi katika kiambishi kimoja: aliyelala *huamshika*. Usingizi ni hali ya kutojua mambo ya nje ambayo mtu aweza kutolewa humo kwa sauti, kwa kuguswa au kwa maumivu, nayo hupita katika duru zake na kwisha yenyewe. Hali isiyoamshika si usingizi, hata ikifanana nao kwa macho ya mtazamaji.

*Nusukaputi* haiamshiki, mgonjwa hukatwa kwa kisu na hazinduki, na katika upasuaji mwingi hulazimika kusaidiwa kupumua. Neno la Kiyunani walilolichagua Waingereza na Wamarekani kwa hali hii, baada ya etha kuonyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846, maana yake ni kukosa hisi, halitaji kulala. Sisi tumezoea kusema *dawa ya usingizi* kwa dawa ya upasuaji na pia kwa kidonge cha kumsaidia mtu kulala nyumbani. Tuseme mgonjwa anaulizwa kabla ya upasuaji kama amewahi kutumia dawa ya usingizi. Akijibu ndiyo, je, amekiri kwamba alipasuliwa zamani, au kwamba jana usiku alimeza vidonge? Majibu hayo mawili yanamwelekeza daktari njia mbali mbali. Twashauri fomu zote ziandike *dawa ya nusukaputi* kwa dawa ya upasuaji, *ganzi* kwa ile inayoua hisi za sehemu moja tu ya mwili, na *dawa ya kulaza* kwa kidonge. Kadhalika, jina *mtaalamu wa usingizi* limekwisha zoeleka hospitalini kwa yule anayetoa nusukaputi. Anayetibu watu wasiolala vyema tumwite *tabibu wa maradhi ya usingizi*, ili mgonjwa asielekezwe mlango usio wake.

*Koma* nayo haiamshiki. Tangu mwaka 1974 matabibu huipima kwa kipimo cha Glasgow kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett: kufumbua macho, kusema, na kusogeza viungo, kwa alama kuanzia 3 hadi 15. Aliye katika koma hafumbui macho hata kwa maumivu. Kuwaambia jamaa zake kwamba "yumo katika usingizi mzito" ni kuwapa tumaini lisilo na msingi kwamba ataamka akishiba kulala. *Kuzimia* na *kuzirai* yabaki kwa kupotewa na fahamu kwa muda mfupi.

Ipo hali ya nne inayotufundisha zaidi. Mwaka 1972 Jennett na Fred Plum walieleza wagonjwa ambao, baada ya koma, hufumbua macho mchana na kuyafumba usiku, lakini hakuna dalili kwamba wanajua lolote. Wako macho, na hawana fahamu. Kumbe *kuwa macho* na *kuwa na fahamu* ni mambo mawili, na kila moja lastahili istilahi yake. Wengine wamependekeza kutunga nomino *umacho*. Hatuoni haja. Kitenzi-jina chetu ni nomino kamili chenye upatanisho wake: *kuwa macho kwake kulidumu saa thelathini*. Lugha inayoweza kusema hivyo haihitaji kiraka.

Mwisho ni *malale*. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi mno nchini Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Ungalipo katika sehemu za Afrika, na usipotibiwa karibu kila mara huua. Jina lake latokana na kulala, na ndilo jina lililokwisha kaa vinywani mwa watu; hatupendekezi libadilishwe. Lakini wagonjwa waliopimwa kwa mchoro wa umeme wa ubongo mchana na usiku wameonyesha kwamba jumla ya saa zao za kulala haiongezeki sana. Kinachovurugika ni majira: usingizi huwavamia mchana, na usiku hawapati. Karatasi ya tahadhari isemayo tu kwamba mwenye malale "hulala sana" humwacha nje mzee anayelalamika kwamba usiku hapati hata lepe. Katika maeneo yenye mbung'o, mzee huyo ndiye anayepaswa kupimwa damu. Kwa hiyo mfasiri aandike: "husinzia mchana na kukosa usingizi usiku". Maneno manne tu yameongezeka, na huenda yakaokoa mtu.

6. Istilahi zinazopendekezwa

*Usingizi*: hali ya kutojua mambo ya nje ambayo mtu huamshika kutoka humo na ambayo hupita katika duru.
*Usingizi mtulivu*: usingizi wa hatua tatu, ambao mboni haziendi mbio.
*Mang'amung'amu*: hatua ya kwanza ya usingizi mtulivu.
*Usingizi mwepesi*: hatua ya pili.
*Usingizi wa pono*: hatua ya tatu, yenye mawimbi makubwa ya polepole.
*Usingizi wa mboni mbio*: usingizi ambao mboni huenda mbio, ubongo una shughuli na misuli imeregea.
*Jinamizi*: kuamka kabla misuli haijafunguliwa.
*Mlemeo wa usingizi*: haja ya kulala inayoongezeka kadiri mtu akaavyo macho.
*Mzunguko wa kutwa-kucha*: mpango wa mwili unaojirudia kwa muda wa karibu saa 24.
*Saa ya mwili*: sehemu ya ubongo inayouongoza mzunguko huo.
*Kuwa macho*: kinyume cha kulala, si lazima kuandamane na fahamu.
*Usinziaji wa ghafla*: ugonjwa wa kusinzia mchana bila hiari, ambao mara nyingi hutokana na upungufu wa oreksini.
*Nusukaputi*: kutojua na kutohisi kunakoletwa na dawa kwa ajili ya upasuaji.
*Dawa ya kulaza*: dawa ya kumsaidia mtu kupata usingizi.
*Koma*: kupoteza fahamu kusikoamshika, macho yakiwa yamefumbwa.

Istilahi hizi si sheria. Zinawekwa mbele ya wasomaji ili zipimwe kazini: darasani, wodini na katika ofisi zinapoandikwa kanuni. Walimu na wauguzi ndio watakaojua kama *mboni mbio* linatamkika bila kuchekesha, na kama wazee wa bara wanalifahamu *pono* au wana neno lao lililo bora zaidi. Wenye maneno hayo na wayalete, tuyajadili katika matoleo yajayo.